Kopo la Kakao na Magoti ya Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Oktoba 1959

Leo nimemwaga kopo langu la kakao kitandani nikahesabu. Vidonge themanini na vitatu! Miaka minane ya kujinyima. Wenzangu hapa kwenye shamba la kahawa, Ruiru, wakipewa vidonge kumi na dispensari wanameza vyote kumi, na wakiumwa tena wanaanza kupanga foleni upya. Mimi nikipewa kumi nameza vinne, napata nafuu, sita vinaingia koponi. Unga wa posho tunaubakiza kwa ajili ya siku ya shida. Kwa nini dawa isibakizwe?

Muigai, mwuza kabichi ninayekaa naye chumba kimoja, amesema kimoja kati ya vidonge hivyo ni kifungo cha shati. Nimekilamba. Ni kifungo. Basi themanini na viwili.

Ndani ya kopo hakuna majina wala maandishi. Ya nini? Ulimi wangu unatosha. Kichungu ni cha homa. Kichachu ni cha maumivu. Chenye ladha ya chokaa ni cha tumbo. Vile vya rangi ya waridi sijui ni vya nini, lakini vinapendeza.

Jioni, barua ya Ndunge. Mchumba wangu anakaa kwa shangazi yake Ngina, kwenye shamba la mkonge upande wa Thika. Anasema mama yake amefika kutoka Kangundo. Atakaa mpaka Jumapili ya tarehe 11, na siku hiyo ndiyo atasema kama nitapewa binti au la. Baba yake Ndunge alishafariki, kwa hiyo neno la mama ndilo la mwisho. Nimesoma mstari huo mara nne. Miaka miwili namngoja Ndunge. Sitaki mwingine.

Anasema pia mama anasumbuliwa sana na magoti, na kwamba Kimeu anapita kumwona kila siku.

Kimeu! Dresa, yaani msaidizi wa daktari, wa dispensari ya shamba la mkonge. Nilisoma naye mpaka darasa la nne. Alikuwa akilamba penseli. Sasa ana koti jeupe na anaingia nyumba ambayo mimi siwezi hata kuusogelea mlango wake.

Maana sisi Wakamba tuna adabu zetu. Mama mkwe hatajwi jina. Hatazamwi usoni. Hasemeshwi. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kichakani mpaka apite. Muigai ni Mkikuyu, anasema kwao pia mkwe anaheshimiwa lakini si kwa mbio.  Hata katika daftari hili sitaandika jina la mama huyo. Nitamwita Yeye.

Mpango: niyaponye magoti kabla ya Kimeu. Jumapili hiyo Yeye atauliza ni nani aliyemponya, na jibu litakuwa mimi, Nicanor Muthoka, karani wa mizani.

Jumapili, 4 Oktoba

Thika kwa basi, suruali ya Jumapili, mafuta kichwani. Nikamwona Yeye kwa mbali akitoka kanisani na fimbo. Nikaingia mkongeni. Mkonge una miiba. Nikakaa humo mpaka akapita, naye kwa ajili ya magoti yake anatembea polepole mno. Suruali imetoboka mahali pawili, mahali pamoja pabaya.

Ndunge alinikuta huko huko. Akacheka mpaka akashika kiuno, halafu akanishonea kwa uzi wa shangazi yake nikiwa nimegeuka. Akasema Kimeu amempa mama dawa kwenye karatasi, ameandika na saa za kumeza, na kila jioni anapita kuuliza tumbo likoje. Nikauliza kama Kimeu akija huwa anacheka naye. Ndunge akauliza kucheka kunaingiaje kwenye magoti. Sikupenda jibu hilo.

Alitaka kuniambia ni dawa gani. Nikabadilisha mazungumzo. Mtu haulizi jirani amepika nini wakati na yeye ana chungu jikoni.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimeamka mapema, nimelamba vidonge thelathini na kitu. Ulimi umekufa ganzi mpaka chai ya saa nne. Nimepata vichachu kumi na viwili, vyote vyeupe, vingine vimeanza kumeguka na kunuka siki kidogo. Siki ni dalili ya nguvu.

Sikuwa na karatasi safi. Nikachukua moja ya karatasi za mizani pale kiwandani, nikafunga vizuri na uzi, nikampa Muigai, maana yeye anapeleka kabichi za upande wa Theta kwenye soko la Thika kila asubuhi. Maagizo: amkabidhi Yeye mkononi, viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Ndunge asijue. Kimeu asijue kabisa.

Muigai akaanza maswali. Yeye ana umri gani? Anakula kwanza? Kuna dawa nyingine anayomeza sasa? Nikamwambia aende na kabichi zake. Jana alikuwa anauza mboga, leo ni daktari mkuu.

Halafu nikapiga chafya mbili. Sitaki kuwa mgonjwa wiki ya maana kama hii. Nikameza vichungu vinne kwa mpigo, vya homa, nijikinge.

Jumatano, 7 Oktoba

Ninawashwa. Mikono, mgongo, nyayo, mpaka ndani ya masikio. Hakuna kipele hata kimoja, nikiangalia ni ngozi yangu ile ile, lakini ni kama nimelala kwenye upupu. Leo pale mizani nilikuwa napima kahawa kwa mkono mmoja na kujikuna kwa mwingine. Kila nikijikuna mizani inacheza. Kagwe, nyapara wetu, akasema ama nipime kahawa ama nijipime mwenyewe. Wachumaji wakacheka. Nadhani ni viroboto wa Muigai.

Habari njema: Yeye alipokea dawa! Muigai anasema aliuliza imetoka kwa nani. Naye Muigai, ambaye hajui kudanganya, akasema imetoka kwa mtu anayemheshimu kiasi cha kukaa mkongeni. Yeye akacheka kidogo. Akasema ataimeza pamoja na ile ya Kimeu, maana dawa ya watu wawili ni bora kuliko ya mmoja.

Mama mwenye akili sana. Ndunge amefanana naye.

Alhamisi, 8 Oktoba

Magoti yamepata nafuu! Muigai amemkuta Yeye amekwenda bombani mwenyewe, bila fimbo. Kimeu alipita akafurahi, akadhani ni kazi yake. Mwache adhani.

Lakini kuna jambo. Yeye anasikia kengele. Tangu jana, masikio yote mawili, kengele ndogo isiyonyamaza, mchana na usiku. Aliuliza ni kanisa gani hilo lisilochoka. Wengine hawaisikii. Shangazi Ngina, ambaye ni wa chama cha akina mama kanisani, akasema hiyo ni kengele ya harusi na Mungu mwenyewe ndiye anayeipiga. Yeye akatafakari, akasema ikiendelea kulia mpaka Jumapili, ataridhika kwamba Ndunge aolewe.

Niliposikia hivyo nilisimama kitandani nikagonga kichwa kwenye bati.

Muigai hakufurahi. Alisema kengele imeanza siku moja baada ya vidonge vyangu, na je, kama ni vidonge ndivyo vinavyolia? Nilifikiri juu ya jambo hilo kwa muda mrefu, nikijikuna. Kama ni Mungu, vidonge havitamzuia. Kama ni vidonge, basi visiishe kabla ya Jumapili.

Nimefunga kumi na nane. Vitatu mara tatu. Karatasi ya mizani tena.

Ijumaa, 9 Oktoba

Muigai amerudi amenuna. Alimkabidhi Yeye vidonge asubuhi, mchana akapita tena. Alimsalimu Yeye mara tatu akiwa mbele yake, hakuitikiwa. Alipomgusa bega, Yeye akashtuka, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Kengele imekuwa kubwa, anasema, na tumbo linamchoma, chai yenyewe haipiti. Lakini anavumilia kwa sababu ya harusi.

Kwa sababu ya harusi. Yaani kwa sababu yangu.

 Nimejiambia mara nyingi kwamba ni uzee. Yeye si mzee sana. Nikamwuliza Muigai kama alimwambia Ndunge. Akasema nilimkataza, na kwamba ni ujinga wake kunisikiliza, lakini kesho ama nitakwenda kusema mwenyewe ama atasema yeye. Kesho kazi ni nusu siku. Nitakwenda.

Nitasema nini lakini? Na nitamwambia nani, kama Yeye siruhusiwi kumsemesha?

Jumamosi, 10 Oktoba

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Saa nane tulitoka Ruiru kwa baiskeli ya Muigai, mimi nimekaa kwenye keria kwenye mabaki ya kabichi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulipofika kwenye shamba la mkonge tukashuka karibu na reli ndogo, ile ya toroli zinazoshusha mkonge kiwandani.

Nikamwona Yeye. Anatembea katikati ya reli, ametupa mgongo, ana kikapu. Mguu mwepesi kabisa, bila fimbo. Nikageuka niingie mkongeni kama inavyopasa. Ndipo nikasikia toroli. Tatu, zimeshonana, zimejaa, zinateremka kwa uzito wake, na mtu wa breki nyuma anapiga kelele.

Yeye hakugeuka. Alikuwa anasikiliza kengele yangu.

Nilikimbia lakini nilikuwa mbali. Nikapiga kelele. Mama! Kila mwanamke shambani akageuka isipokuwa Yeye. Basi nikaita jina lake. Jina lenyewe. Mukonyo! Nikaita mara ya pili na ya tatu kwa nguvu zote nilizo nazo. Wakata mkonge wakaacha mapanga. Wazee wa Kikamba waliokuwa kwenye kivuli wakasimama. Mama mmoja akajifunika macho na khanga. Shamba zima lilisikia jina la mama mkwe wangu kinywani mwangu, kutoka reli mpaka ofisi ya meneja, na mtu mmoja tu ndiye hakusikia.

Kimeu alitoka mlango wa dispensari, iliyo kando ya reli, akatembea hatua nne, akamshika Yeye mkono, akamvuta kando. Toroli zikapita. Hakukimbia hata. Koti halikuchafuka.

Mimi nilikaa chini nikalia. Sioni aibu kuandika.

Walipoingia dispensari mimi nilibaki nje ya dirisha, lakini nilisikia yote, maana kwa Yeye ilibidi waseme kwa kupaza sauti. Kimeu aliuliza anameza nini zaidi ya dawa yake. Yeye akasema hakuna, isipokuwa ile nyingine. Akatoa karatasi kutoka kwenye kitambaa kiunoni. Kimeu akalamba kidonge. Analamba bado, yule! Akaikunjua karatasi akasoma kwa sauti: kahawa debe arobaini na mbili, sehemu za Murera na Theta, imetiwa sahihi, N. Muthoka, karani wa mizani.

Ndunge, aliyekuwa amekuja mbio kwa zile kelele, akatoka nje. Hakunitukana. Alinitazama tu, halafu akarudi ndani. Afadhali angenitukana.

Kimeu alikuja dirishani baadaye. Akasema dawa ni ile ile, asprini, yake na yangu, kwenye karatasi mbili, na mama amekuwa akimeza ya watu wawili na zaidi, nyingine kuukuu, mara nyingine bila kula. Ndiyo maana masikio yanalia na tumbo linachoma. Ameachishwa zote, anywe maji na uji, na asiachwe peke yake mpaka Kimeu aseme. Masikio yatarudi, alisema. Angeumia vibaya zaidi, alisema pia, na hapo hakuwa na sauti ya kujigamba. Alisema swali moja tu lingetosha: unameza nini sasa? Nikasema siruhusiwi kumwuliza. Akasema ningemwuliza Ndunge. Ningemwuliza hata Kimeu.

Kisha akanitazama ninavyojikuna, akauliza nimemeza nini. Nikamwambia. Akasema vile vya homa huwawasha watu wengi, na mtu asiye na homa hana haja navyo. Kwa hiyo si viroboto wa Muigai.

Jumapili, 11 Oktoba

Siku ya hukumu. Kengele imenyamaza tangu alfajiri. Nilijua mara tu nilipofika, kwa sababu Shangazi Ngina alikuwa amenuna kama mtu aliyeibiwa ndoto.

Kikao kilikuwa hivi. Yeye ndani ya nyumba, nyuma ya pazia. Mimi nje, nyuma ya ghala, nimetazama ukuta. Kati yetu hatua saba, na Muigai anatembea kupeleka maneno na kurudisha. Masikio ya Yeye yamerudi vizuri kupita kiasi. Nilikuwa nikimnong'oneza Muigai, na kabla hajafika pazia, jibu limeshatoka.

Nilimwambia Muigai aseme naomba radhi. Sauti ikasema nimesikia, endelea. Nikamwambia aseme nilidhani namsaidia. Sauti ikasema huo ni uongo, alitaka kumshinda Kimeu. Muigai akageukia njiani, kazi imemwishia.

Halafu Yeye akaomba kila mtu anyamaze. Akasema kwanza nimetaja jina lake mbele ya shamba zima, mara tatu. Nitatoa mbuzi wa adabu, na awe mbuzi, si kitu chenye sura ya mbuzi. Akasema kopo langu, ambalo Muigai amelisimulia lote mpaka kifungo, litamwagwa chooni mbele ya Kimeu. Na kwamba katika nyumba ya binti yake hakuna mtu atakayempa mwingine dawa ambayo haikuandikwa jina la mgonjwa.

Nikasema ndiyo kwa kila kitu. Nilisema ndiyo hata kabla hajamaliza. Lakini juu ya Ndunge alikuwa hajasema. Nikausikia uji ukichemka jikoni.

Akasema sauti ile ya jana hakuisikia. Lakini tangu jioni watu ishirini wamepita kumsimulia, na kila mmoja anaiga, na hakuna aliyeweza kuiiga vizuri kwa sababu hakuna aliyeogopa hivyo. Akasema mwanamume aliyetupa adabu yake yote ili mama mkwe aishi ni mjinga, lakini ni mjinga wake. Ndunge ataolewa Desemba.

Nilikumbatia ghala.

Ndunge alikuja kunionyesha ufito alioukata. Akasema siku atakayokuta kidonge nyumbani kisicho na jina, ufito huo ndio utakaokuwa mwalimu. Kisha akatabasamu kidogo. Kimeu akanipa mkono. Ikajulikana pia kwamba ana mchumba Machakos, mwalimu wa shule, tangu mwaka jana. Angesema mapema tungeepuka mengi haya. Kwa kweli kosa la Kimeu ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Jumapili, 18 Oktoba

Ijumaa nilipeleka kopo. Kimeu alisimama kwenye mlango wa choo cha dispensari, mikono nyuma, kama anayezika chifu. Nikamwaga. Miaka minane ikashuka gizani bila hata kelele ya maana. Akachukua na kopo tupu. Nikamshukuru. Nilisema nimejifunza, na nilisema kwa moyo safi kabisa.

Muwasho umeisha. Mbuzi nimepata kwa mzee mmoja wa Murera, ana sauti kubwa.

Leo Muigai amerudi kutoka Thika na kifurushi kidogo. Yeye, ambaye Kimeu bado hajamruhusu kurudi Kangundo, amenitumia. Ni vile vidonge vyangu tisa ambavyo hakuwahi kuvimeza, na ujumbe kwamba Ndunge alitaka kuvitupa, lakini Yeye akaona ni heshima zaidi nivitupe mimi mwenyewe, nione kwamba ananiamini. Nilipata machozi kidogo. Kuaminiwa na mama mkwe!

Nikaenda chooni mara moja. Kulikuwa na foleni.

Nikiwa kwenye foleni nikaona si vizuri kukimbilia. Vidonge vyenyewe havina kosa. Vilikuwa vingi tu, na vilikutana na vya Kimeu. Peke yao ni dawa nzuri. Na Yeye alisema kopo limwagwe, na kopo limemwagwa. Vyenyewe wakati ule vilikuwa Thika.

Benta wa chumba namba tisa amenipa kopo la maziwa ya unga. Kubwa kuliko lile la kakao, na kifuniko kinakaza.

Muigai anasema Shangazi Ngina amelalamika mgongo tangu Jumatatu. Shangazi hana adabu zile za mama mkwe, ningeweza hata kumwuliza anameza nini. Lakini kuuliza kunaharibu zawadi. Nimefunga vinne. Muigai amekataa kupeleka, kwa hiyo nimeviweka chini ya kabichi atakazompelekea Shangazi kesho, vimeandikwa jina la Shangazi kwa herufi kubwa, kama Yeye alivyoagiza.

Safari hii nimetumia karatasi isiyo na sahihi yangu.